Bakuli Lililotolewa Nyongeza

Mhudumu wa hoteli moja hapa Bariadi aliniuliza juzi kama nina tatizo na glasi zake. Sikuwa na tatizo. Nilikuwa nimeigonga moja kwa ukucha, nikaisogeza sikioni, kisha nikaigeuza nitazame kitako chake, kama ninavyofanya kila mahali ninapopewa kitu cha kioo, iwe harusini, msibani au ukweni. "Mama, ni mpya hizo," akasema, uso umemkunjamana. Najua ni mpya. Zilikuwa na mshono kila upande, zimetoka kwenye kalibu moja kama matofali, na sauti yake ilikuwa "tak", ikafa hapo hapo. Nikamsifia soda yake, tukaachana kwa amani. Mimi ni mtu wa sokoni. Mzigo nahesabu mara mbili, na watoto wangu nawahesabu mara mbili tukitoka kanisani. Lakini hii ya kugonga glasi sikuipata sokoni. Niliipata kwa mama, na mwaka nilioitumia zaidi ndio mwaka ambao nikiukumbuka hamu ya chakula inaniisha.

Bibi mzaa mama, ambaye kwake ni Ipililo, aliwahi kufanya kazi za ndani kwa mfanyabiashara wa pamba wa Kihindi, wakati nyumba zile bado zilikuwa na makabati yaliyojaa vyombo vya kioo kutoka ng'ambo. Kazi yake ilikuwa kuviosha, na ukiosha kitu kila siku kwa hofu ya kukivunja, unakijua kuliko mwenye nacho. Wenye nyumba walipohama walimwachia bakuli moja. Bibi akampa mama siku alipoolewa, mama akalileta Bariadi limeviringishwa kwenye kanga, akaliweka rafu ya juu ya kabati la sebuleni. Lilikuwa rangi ya bluu iliyofifia, limesimama kwenye mguu mfupi, na ukingo wake umekunjwakunjwa kama pindo la sketi. Kuanzia katikati kwenda ukingoni bluu iligeuka nyeupe, si nyeupe ya chokaa, ni ile ya dang'a, maziwa mazito ya ng'ombe aliyezaa jana. Ukiliinua juani ule weupe uliwaka rangi ya moto. Niliogopa kidogo kila mara.

Jumamosi mama aliosha vyombo vyake kwa majivu yaliyochekechwa na ganda la limau. Mpaka leo harufu ya limau na majivu ikinipata nanyoosha mikono kungoja kupewa kitu cha kushika. Alinifundisha huku akiosha. Bilauri za kila siku zilikuwa "za kalibu": pitisha kidole ubavuni, utakuta mstari mwembamba pale kalibu ilipofungwa, na maua yake ni butu kama yamelambwa. Kulikuwa na kikombe kimoja kizito, "cha kisu", ambacho maua yake yalichongwa kioo kikiwa kimeshapoa. Hayo yanakwaruza ngozi, na ukikigonga kinaimba mpaka wewe ndiye unayechoka. Jirani yetu alikuwa na sahani ya rangi ya machungwa iliyong'aa rangi zote kama mafuta ya taa yaliyomwagika kwenye dimbwi. Mama aliiita hivyo hivyo, "ya mafuta ya taa". Na bakuli lake la bluu lilikuwa "la pumzi".

"La pumzi kwa nini, mama?"

"Mtu alilipuliza kwa mdomo, kama unavyopuliza moto. Tazama." Akaligeuza. Chini ya mguu palikuwa na kovu la mviringo, kama kitovu. "Hapa ndipo walipolikata kwenye fimbo ya chuma lililoshikiwa. Lenye kitovu lilizaliwa. Lenye mshono lilitengenezwa." Halafu akanionyesha, karibu na mguu, kipovu kidogo kama punje ya mchele kilichonaswa ndani ya kioo. "Na hii ni pumzi yake. Ilibaki humu."

Mama alikuwa anaongea tu. Mimi nilimwamini neno kwa neno. Niliamini mle ndani kuna pumzi ya mtu, bado hai, na kwamba mama alilipenda bakuli kwa sababu ya huyo mtu. Nilimwona mara nyingi akiliosha huku midomo yake inacheza. Leo najua alikuwa anafanya mazoezi ya nyimbo za kwaya. Wakati ule nilijua wanasalimiana.

Baba alitoka Lingeka, kwa watu wa ng'ombe, na alikuwa dalali wa mnadani. Hakuwa mtu mbaya, na mtakaosoma hii naomba mlishike hilo. Alikuwa mtu aliyeamini kwamba kila ugomvi ni bei ambayo haijatajwa vizuri. Jumapili moja tumetoka kanisani, mimi na mama, tukamkuta uani anang'aa kama sufuria. Pembeni yake palikuwa na mtamba mwekundu, nundu imekaa sawa, macho maangavu.

"Mama Limi! Njoo uone mwali huyu! Nimemchukua kwa bei ya kulia."

Mama akamsifia mtamba. Akaingia ndani kuvua viatu. Nilikuwa nyuma yake, kwa hiyo niliona alichokiona: kwenye rafu ya juu, katikati ya vumbi, duara safi lenye ukubwa wa mguu wa bakuli.

"Baba Limi, bakuli langu liko wapi?"

"Ah, lile. Yule jamaa alikuwa amekaza, hashuki. Akaliona pale, akasema nikiongeza kile kidude cha bluu tunafunga biashara. Nikaongeza." Akacheka. "Kidude tu, na tumepata mtamba!"

Mama akaenda jikoni. Alisonga ugali, akatupakulia. Asubuhi nilimkuta amevaa nguo ya safari na begi liko mlangoni. Akaniambia, "Nakwenda kwa bibi yako. Wewe usome. Nitarudi." Akanifunga vizuri kifungo cha sare ya shule ambacho tayari kilikuwa kimefungwa.

Baba alikwenda mbio kumtafuta yule jamaa. Akaambiwa alikuwa mpitaji tu, amekwisha kuondoka na mifugo yake, na bakuli amelitoa zawadi kwenye harusi huko njiani, na harusi ya nani hakuna ajuaye. Hapo ndipo baba alipofanya kosa ambalo mtu wa pwani asingelifanya, wala mtu wa ofisini. Kwao Lingeka, ng'ombe wa mtu akifia mikononi mwako, hupeleki maneno. Unapeleka ng'ombe mwingine. Na si yeyote: rangi ile ile, umri ule ule, kama yule alikuwa na mimba na huyu awe nayo. Ukishamfikisha kwenye zizi la mwenyewe unaweza kumtazama machoni. Kabla ya hapo unapita njia nyingine.

"Nitalitafuta bakuli kama lile," akasema.

Shangazi yangu, dada yake baba, ambaye sisi tunamwita sengi, alikuwa amekuja kutupikia. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, yote makali. "Ndugu yangu, pale kuna mke, hapana bakuli. Panda baiskeli uende Ipililo."

"Niende mikono mitupu? Kwa wakwe? Si watasema nimewadharau mara ya pili?"

"Watasema. Halafu watanyamaza. Halafu utarudi na mkeo."

"Wewe hujui mambo ya fidia."

"Kweli. Mimi najua mambo ya kaka mjinga."

Shida ni kwamba baba hakujua kioo. Angeweza kukuambia umri wa ng'ombe kwa kutazama meno yake akiwa upande wa pili wa barabara, lakini bakuli kwake lilikuwa bakuli. Aliyejua ni mimi. Kwa hiyo Jumamosi nikawa napanda keria ya baiskeli yake, au tunapanda lori tukienda mbali, na tukaanza kupita nyumba kwa nyumba kwenye miji ya pamba, tukiuliza nani ana vyombo vya zamani vya kioo. Nilijua tunachofanya. Mama anasubiri bakuli. Bakuli likipatikana, anarudi. Sikuwahi kuwa na jambo lililo wazi namna ile maishani, kabla wala baada.

Malampaka tulimkuta mzee mwenye duka la zamani lenye baraza pana. Alitoa bakuli kubwa jeupe, la kung'aa, akaliweka mezani kwa mikono miwili kama padri.

"Kristali hiyo. Ya Ulaya. Imechongwa kwa mkono."

Nikapitisha kidole. "Baba, ina mshono. Na maua yake yamelambwa. Ni ya kalibu."

"Huyu mtoto ameacha kunyonya lini?" mzee akauliza.

"Huyu ndiye bwana mifugo wangu," baba akajibu, amenyooka kabisa. "Akisema mgonjwa, sinunui."

Hata rangi haikuwa yenyewe, lakini baba hakuwa na haraka. Alikaa pale akabishana bei ya bakuli ambalo hakulihitaji mpaka mzee akaishusha karibu na bure, ndipo akaaga. Kwa furaha tu ya kushinda. Nami nilifurahi pamoja naye. Nilikuwa nimeketi kwenye keria njia nzima nikijiona mtu mkubwa.

Sehemu nyingine tulionyeshwa bakuli la mafuta ya taa, zuri hata nikasita. Baba akaona nalipenda. "Hili si zuri zaidi? Mtu akipoteza ng'ombe wa kawaida ukamlipa wa maziwa, atakataa?" Nikamwambia mama atajua. "Basi," akasema, "twende." Tukaendelea. Tuliona maziwa ya kioo, yaani vile vyeupe kabisa ambavyo mtu huapa ni udongo mpaka avitazame ukingoni juani. Tuliona vya kijani, vya zambarau, vyenye mguu na visivyo na mguu. Nilivigonga vyote. Pamba iliyokuwa inachomoza mama alipoondoka ikafika magotini, ikapaliliwa, ikatoa maua. Kutoka Ipililo zilikuja karanga kwa mikono ya watu wanaopita, na salamu: Limi asome. Baba aliuliza wale watu, "Hakusema lingine?" Walisema hakusema lingine.

Halafu, hapa hapa Bariadi, muuguzi mmoja mstaafu akatutolea bakuli la bluu. Baba aliniminya bega. Rangi ndiyo, ukingo wa sketi ndio, dang'a ndiyo, kitovu kipo. Nikalitoa juani: moto upo. Nikalizungusha polepole nikitafuta ile punje ya mchele karibu na mguu. Nikazungusha tena. Kioo kilikuwa safi kama maji.

"Silo," nikasema.

"Ng'wanone, silo kwa nini? Mwanangu, limekosa nini?"

"Halina pumzi."

Baba akachuchumaa tukawa macho kwa macho. "Kwa hiyo ni kama ng'ombe, hata kovu lifanane?"

"Mama analipenda kwa sababu ya pumzi."

Najua watu wazima wanafanya nini mtoto akisema neno kama hilo. Wanacheka, wananunua. Baba hakucheka. Alisimama, akamshukuru muuguzi, tukatoka. Kwa miaka mingi nilidhani aliniheshimu kama mtaalamu wake. Siku hizi, nikiwa na umri aliokuwa nao, nadhani alishukuru. Kila bakuli lililokataliwa lilimpa Jumamosi nyingine ya kutofika Ipililo. Mtu anayeweza kushindana na mnada mzima hakuwa na neno moja la kumwambia mkewe, na alilijua hilo, na barabara ilikuwa nzuri, na mtoto wake alikuwa anaongea nyuma yake. Sengi alikuwa ameacha kumsema. Alikuwa anatutazama tu tukitoka, kama unavyotazama watu wanaokwenda kuchota maji kwa tenga.

Tulilipata Kalemela, pamba ikiwa imeanza kuvunwa. Mama mmoja muuza dagaa alikuwa analitumia kuwekea chumvi. Tulimsalimia, "Mwangaluka, mayu," tukaeleza shida yetu, akamwaga chumvi kwenye sahani na kulisuuza bila swali. Kabla sijaligonga nilikiona, karibu na mguu, upande mwingine kidogo kuliko cha mama, lakini kipo: kipovu kama punje. Nikaligonga. Liliimba.

"Ndilo," nikasema. "Yaani, ndugu yake."

Yule mama akataja bei. Ilikuwa bei ya mtu anayetegemea kuombwa apunguze. Hata mimi mtoto niliijua. Nikamtazama baba, nikisubiri aanze, maana ilikuwa sehemu niliyoipenda: angeshika kiuno, angetazama angani, angeuliza kama bakuli linatembea lenyewe. Baba akatoa alichoambiwa.

Yule mama akabaki ameshika pesa hewani. "Baba, hata kupunguziwa hutaki?"

"Hapana, mayu."

"Unaumwa?"

"Hapana."

"Basi chukua na dagaa hawa. Sitalala vizuri." Akatufungia kwenye gazeti. Mimi nikaona ni siku ya bahati. Nimekuja kuelewa baadaye, kwa biashara zangu mwenyewe, kwamba mtu habishani bei pale tu anapokuwa ameshajua kitu hakitamsaidia.

Tulikwenda Ipililo kwa baiskeli, bakuli likiwa mapajani mwangu, limeviringishwa kwenye kanga ya sengi. Nilikuwa nimepanga yote. Kurudi mama angekaa kwenye keria, mimi ningetembea pembeni. Na pale nitakapochoka, sitasema.

Bibi alitupokea vizuri. Akatoa kiti chenye mgongo, akatuma kuku akamatwe. Mama alitoka shambani na kapu la pamba kichwani, akalitua, akanikumbatia muda mrefu, ananuka jua. Kisha akapiga goti akamsalimia baba, akamwuliza habari za safari, habari za sengi, kama mvua za kwetu zilikuwa za kutosha. Alikuwa mnene kidogo. Alikuwa ametulia. Nyuma ya nyumba ya bibi palikuwa na chumba kipya cha tofali, na dirisha lake lilikuwa na pazia nililolijua kuwa ni mshono wa mama.

Baba akafungua kanga. Alinyoosha tu bakuli.

Mama alilipokea kwa mikono miwili. Akaligeuza, akatazama kitovu. Akapitisha kidole ubavuni. Akaligonga, akalisogeza sikioni, na uso wake ukalainika, nikawaza: tayari. Akalizungusha mpaka akakiona kipovu.

"Nani alichagua?"

"Limi," baba akasema. "Nilitaka kukuletea moja wakati pamba inatoa maua. Akakataa. Akasema halina pumzi."

"Wakati wa maua." Mama akakifunika kipovu kwa kidole gumba. "Muda wote huo mlikuwa mnatafuta hili?"

"Tumefika Malampaka. Kalemela. Kote."

"Baba Limi, wiki ile ya kwanza begi langu sikulifungua. Muulize mama. Kila baiskeli ikilia njiani nasimama. Alikuwa ananicheka."

"Sikumcheka," bibi akasema kutoka jikoni.

"Ulinicheka, mama. Ungekuja mikono mitupu," akamwambia baba, "ningekutukana mbele ya wazee, wazee wangeninyamazisha, tungekula, tungeondoka wote. Hata wiki ya pili. Hata wakati wa kupalilia."

"Niliona aibu kuja bila kitu."

"Najua."

"Na sasa?"

Mama alitazama chumba kile cha tofali, halafu kapu la pamba. "Sasa nimezoea," akasema, taratibu, bila hasira yoyote. Na nadhani baba angetoa mtamba, na zizi, ili tu asikie hasira kidogo.

"Nikuongezee nini?" akauliza.

Ilimtoka tu. Ndiyo sentensi aliyoitumia maisha yake yote, kila siku ya mnada, mwenzake anapokaza. Mama akamtazama, na akacheka, kicheko kidogo, machozi yakiwa karibu. "Hakuna. Bakuli langu ulilichukua, umelirudisha, tena zuri kuliko lile. Hunidai, sikudai."

Kwao Lingeka hayo ndiyo maneno ambayo mtu hutembea siku nzima na ng'ombe ili aambiwe. Baba akainamisha kichwa, akashukuru: "Wabeja." Tukala kuku. Bibi akamwekea firigisi, kama inavyostahili, naye akaitafuna yote, kwa muda mrefu sana.

Hakuna aliyenieleza. Jua lilipopungua makali baba akaaga kila mtu kwa jina lake, akashika usukani wa baiskeli. Mimi nilikuwa nimesimama upande wa pili, nimeifuta keria vumbi kwa gauni langu mpaka inang'aa. "Mama, kaa hapa," nikamwambia. "Mimi nitatembea. Sichoki."

Mama akaja. Akaninyanyua kwapani, ingawa nilikuwa mkubwa wa kunyanyuliwa, akanikalisha kwenye keria, akaiweka miguu yangu mbali na tairi, mmoja mmoja. Halafu akaipiga baiskeli kwa kiganja, pa, kama unavyompiga ng'ombe mgongoni ili aende, na baba akaanza kukanyaga pedali.